Nimejenga nyumba tatu, visa ya Ufaransa nikanyimwa kwa kukosa nyumba

Salaam wakuu, wake kwa waume.

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimebeba mabegi ya watalii pale bandarini Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, Madagaska, kabla sijaota ndevu. Nimeuza kamba wa baharini kwa Wataliano, nimeendesha boti za watalii, nimelala Kariakoo juu ya maboksi ya spea. Mtu akiniambia dunia imepinduka, namuuliza tu imeangukia upande gani.

Lakini kuna dirisha moja la kioo pale Antananarivo lilinishangaza. Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, si chai. Asiyeamini aende akasimame pale.

Kidogo kunihusu, maana najua mtauliza. Mimi ni Mngazija wa Madagaska. Baba aliondoka Mahajanga ile miaka ya vurugu, Wangazija wengi walipovuka kurudi Komoro. Yeye akaishia Nosy Be, mimi nikazaliwa hapo mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilipopata hela nikarudi Mahajanga alikotoka baba, nikaoa, nikatia bajaji barabarani. Nyumbani tunaongea Kimalagasi na Kingazija. Kiswahili nilikiokota Dar nilipokuwa nafuata spea, kwa hiyo mkikiona kimepinda kinyoosheni kimya kimya.

Shule niliiacha mapema. Tuliachana kwa amani.

Sasa twende.

Binti yangu mkubwa, Zaina, anaishi Marseille, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Akapata mchumba, kijana wa watu, swala tano. Ukumbi ukalipiwa, ndugu wa kijana wakakata tiketi zao. Kilichobaki ni baba. Mimi ndiye walii, mimi ndiye wa kukaa mbele ya shehe na kusema nimekuoza.

Nilikuwa sijawahi kukanyaga Ulaya. Nikasema hii ndogo. Mtu niliyeingiza kontena za spea bila kujua kusoma vizuri nitashindwa na karatasi ya visa?

Nikajiandaa kwa akili yangu. Nikashona suti. Nikakusanya kadi za Wazungu wote waliowahi kuniambia "ukija kwetu nipigie". Nyumba zangu tatu nikazipiga picha, nikazichapisha kubwa kama kalenda. Nikapanda gari la usiku mpaka Antananarivo, mji ambao asubuhi unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, nikatinga kwenye dirisha la visa za Ufaransa na suti yangu.

Ndani yuko mama mmoja wa makamo, miwani puani, mpole kabisa. Tuliongea Kifaransa, nawatafsiria.

"Bwana, unaenda kufanya nini Ufaransa?"

"Kumwozesha binti yangu."

"Utafikia wapi?"

Hapo ndipo nilipojimwaga. "Mama, niulize wapi sitafikia! Marseille nina watu kuliko hapa. Binti yupo, binamu yupo, nusu ya mtaa wetu iko kule. Kuna mmoja ana gereji, ananililia kila wiki niende tufanye kazi wote."

Akaandika kitu. Nikaona hewaa, mambo yanakwenda.

"Na hapa Madagaska una nini?"

Nikamwaga picha. "Nyumba tatu. Hii ya Mahajanga, hii ya Nosy Be, hii ya barabara ya Belobaka. Na bajaji nne."

Akaziweka picha pembeni bila hata kuzisifia, akataka hati. Nikampa.

"Hii ya Mahajanga ni ya Bibi Echati."

"Mke wangu huyo."

"Hii ya Nosy Be ni ya Bibi Mariama."

"Dada yangu."

"Na hii ya Belobaka?"

"Ya Zaina, huyo huyo anayeolewa."

"Anayeishi Ufaransa?"

"Ndiyo."

"Na bajaji?"

"Mke."

Akavua miwani. "Bwana, wewe mwenyewe una nini?"

Wakuu, nilijiangalia kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa na viatu.

Ngoja niwaeleze, maana wengine mtadhani nilipigwa na mke. Sisi mila yetu mwanaume anajenga, hamiliki. Ukioa, wewe ndiye unayehamia kwa mke. Ukipata binti, unaanza kumjengea angali anacheza na mchanga, tofali moja moja, ili akikua asije mwanaume yeyote akamwambia toka. Nyumba inakuwa ya wanawake, inashuka kwa wanawake. Mwanaume mwenye nyumba tatu kwa jina lake huku binti zake hawana hata chumba, sisi tunamwangalia kama mlevi.

Kwa hiyo mtaani kwetu mimi ni tajiri. Ukipita na mimi ufukweni jioni, kila muuza mishikaki ananiamkia. Pale dirishani nilikuwa mtu asiye na kitu, mwenye watu wengi Ulaya, anayesubiriwa na gereji.

Jibu likaja: hapana. Hawajaridhika kwamba nitarudi.

Mimi! Nisirudi! Kwenye baridi ile nikafanye nini?

Habari ilifika Marseille kabla sijafika Mahajanga. Binamu yangu Bakari, ambaye anapenda sana kujisifu, sijui tabia hiyo aliitoa wapi, akanipigia akiwa na furaha ya mtu aliyefiwa na adui.

"Kaka, usijisumbue. Nipe uwakala, nitakaa mahali pako. Suti ninayo tayari."

Na kisheria yuko sawa. Baba akishindwa kufika anaweza kumpa mtu uwakala, ndoa ikafungwa, ikatimia. Shehe wetu aliniambia hivyo hivyo, akaona amenipoza. Nikampigia Zaina nikamwambia ndiyo hivyo mwanangu, tumwachie Bakari.

Zaina akasema, "Baba, Bakari ataongea saa nzima."

"Najua."

"Mimi nataka wewe ndiye uongee saa nzima."

Nilikata simu, nikasingizia mtandao.

Mke wangu alikuwa jikoni anapepeta mchele. Akaniuliza, "Baba Zaina, ulimwambia nini yule mama?"

"Ukweli."

"Ukweli upi?"

Nikamsimulia yote, mpaka gereji. Alicheka, akaweka ungo chini, akacheka tena amekaa. "Yaani umekwenda kumwambia mtu kwamba kule wanakugombania na huku huna kitu. Mimi mwenyewe nisingekupa visa. Pengine hata mlango nisingekufungulia."

"Mama Zaina, cheka lakini nisaidie. Bakari ameshapiga suti pasi."

Akafuta mikono. "Nani anayekurudisha nyumbani kila siku?"

"Wewe."

"Basi kaombe kwa hilo. Unatafuta nyumba yako, wakati una nyumba yangu."

Wakuu, huyu mwanamke alisoma mpaka sekondari na mimi ndiye niliyemuoa, kwa hiyo akili ile pia ni mali yangu kwa namna fulani. (Ingawa hati iko kwa jina lake.)

Kesho yake tukaenda ofisi ya mtaa, wakatuandikia barua kwamba naishi hapo miaka yote. Kisha akasema tufanye mkataba wa upangaji, usajiliwe kabisa, mimi mpangaji yeye mwenye nyumba. Karani akauliza kodi kiasi gani.

Nikasema, "Andika ariary elfu kumi."

Mke wangu akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Nyumba ya vyumba vinne, ina veranda, elfu kumi? Unataka yule mama akucheke? Andika laki nne kwa mwezi." Halafu akaongeza, "Na ailipe benki, ionekane."

Karani akaandika. Alikuwa anang'ata kalamu asicheke.

Bado bajaji. Kadi ziko kwa jina lake, kazi naifanya mimi, basi mimi ni nani pale? Mwajiriwa. Akanipa barua ya kazi: msimamizi wa bajaji. Na mwajiriwa akisafiri anatakiwa awe na barua ya likizo. Nikaomba mwezi mmoja, nikijua Marseille kuna mengi ya kuangalia.

"Siku kumi na tano," akasema.

"Mama Zaina, naenda Ulaya, siendi hapo Boanamary kununua kaa."

"Kumi na tano. Bajaji zitaendeshwa na nani? Na ukizidisha nakukata mshahara."

"Mshahara gani?"

"Tutauzungumza ukirudi."

Nikaweka saini. Nilijiajiri tangu utotoni, wakuu, na leo nimeomba likizo kwa mke wangu na nimebaniwa.

Nikarudi Antananarivo. Safari hii bila picha za kalenda, bila kadi za Wazungu. Dirisha lile lile, mama yule yule, naona alinikumbuka kwa suti.

Akasoma. Akafika kwenye barua ya likizo. "Mwajiri wako ni Bibi Echati?"

"Ndiyo."

"Na mwenye nyumba wako ni Bibi Echati."

"Ndiyo."

"Na Bibi Echati ni…"

"Mke wangu." Nikaona hapa nikijisifu nimekwisha, nikamweleza mila yetu kama nilivyowaeleza ninyi. Kwamba nimejenga zote kwa mikono yangu, kwamba kwetu baba anatoka mikono mitupu na anaona fahari. Kwamba Belobaka nilianza msingi Zaina akiwa hajang'oa meno ya utoto, na sasa nataka nimalize kazi kwa kumkabidhi kwa mume wake mimi mwenyewe, si Bakari.

"Na usiporudi siku ya kumi na tano?"

"Mama, huyo ndiye anayeshika nyumba, kazi na chakula changu. Nisiporudi nitaenda wapi?"

Alicheka mpaka mlinzi akageuka. Visa ikatoka, siku kumi na tano kamili, hawakunizidishia hata moja. Naamini walishauriana na mke wangu.

Maandalizi mengine yalikuwa mepesi. Koti nilinunua la mitumba, nzito, nikalijaribu Mahajanga mchana, jirani akadhani nina malaria. Bima ya safari usiisahau, wanaiangalia. Na usitangaze safari msikitini kama nilivyofanya mimi. Kila nyumba iliniletea kifurushi cha mtu wao aliyeko Marseille, achari, dagaa wa kukausha, mabuyu ya sukari. Mtu mkubwa hakatai, basi nikaacha nguo zangu nusu. Nimekaa Ulaya wiki mbili na suruali mbili.

Ndoa ilifungwa. Nilikaa mbele ya shehe, nikamshika mkono yule kijana, nikatamka maneno yenyewe, halafu nikaongea. Saa nzima. Bakari alikuwa safu ya pili na suti yake, anaangalia saa. Zaina alikuwa upande wa wanawake. Walinisimulia baadaye kwamba kila mtu alikuwa anapiga miayo isipokuwa yeye.

Marseille yenyewe? Ya kawaida. Nilitegemea kushangaa, sikushangaa.

Nilirudi siku moja kabla ya likizo kwisha, sikutaka matatizo kazini.

Ninachowaambia wanaojiandaa na safari ya kwanza: pale dirishani usihesabu watu ulionao kule, hesabu wanaokusubiri hapa. Na usione aibu kusema unaishi kwa mkeo kama ndivyo mnavyoishi. Nyie mliokwishapita pale, na hasa wenye mila kama yetu, niambieni ninyi mlijitetea vipi. Anayetaka kubisha naye karibu, nipo, leo ni siku yangu ya mapumziko, nimeruhusiwa.

Jambo la mwisho. Niliporudi nilimwambia Mama Zaina kwamba ule mkataba umeshafanya kazi yake, tuuchane. Akasema mkataba uliosajiliwa hauchanwi hivi hivi, halafu akanikumbusha mwezi umeandama. Kwa hiyo atakayeniuliza safari ilinigharimu kiasi gani, nikijumlisha visa mara mbili, tiketi, bima, koti, nauli za Antananarivo, na kodi ya nyumba niliyoijenga mwenyewe mpaka mwezi huu ninaoandika, ni ariary 19,347,500.