Pale pa Macho

Mtaani kwetu Kiseke, mtu akifa, watu wawili huitwa kabla hata turubai halijafungwa: fundi wa majeneza na mimi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi ndiye niliyekuwa naandika wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa mbele ya jeneza kabla ya kwenda makaburini. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Wengine huandika kana kwamba wanajaza fomu. Mimi nilikuwa natia chumvi kidogo. Mlevi nilimwita mcheshi, na bahili nikamwita mtu aliyejua thamani ya jasho lake. Hakuna aliyewahi kulalamika. Watu walilia, wakafuta machozi, kisha wakaniambia mwalimu una kalamu. Nikavimba kichwa.

Halafu akafa mdogo wangu, na wasifu wake nikauandika mimi.

Alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliishi Kigongo, siku zile daraja halijakamilika na magari yote ya kwenda Geita yalikuwa yanasubiri kivuko. Alfajiri alinunua sato kwa wavuvi, akawapanga kwenye tenga nyuma ya baiskeli, akawapeleka Usagara. Kwenye saa nne alikuwa anarudi na tenga tupu. Barabara ile ilikuwa na ugonjwa wake: madereva wa malori walikimbilia foleni ya kivuko, kwa sababu ukikosa safari moja unaweza ukakaa hapo mpaka jioni. Lori moja lilimkuta njiani akirudi nyumbani. Likamburuta pamoja na baiskeli yake, na baiskeli ikakunjamana hata huwezi kusema iligongwa mbele au nyuma. Dereva akasema mwendesha baiskeli alikatiza ghafla bila kuangalia. Hapakuwa na mwingine aliyeona, kwa hiyo kilichoandikwa ni alichosema dereva. Lakini kandambili moja ya mdogo wangu tuliikuta kwenye majani, nje kabisa ya lami, upande wa kushoto. Mtu anayekatiza barabara hawezi kuacha kandambili kule.

Kwenye msiba, mwenye lori hakuja. Alimtuma msimamizi wake na magunia mawili ya mchele. Mgeni wa msiba hafukuzwi, tukamkalisha mbele na wazee. Nikampa nakala ya wasifu kwa mikono miwili, kama nilivyompa padri.

Kisha nikasimama kusoma. Nilikuwa nimeuandika usiku kucha huku nalia, na mtu anayelia huandika unavyotaka moyo wake. Nilipofika katikati nikasoma hivi: "Hata macho yake yalipoanza kufifia, hakukubali yamzuie. Aliendelea kupanda baiskeli yake kila siku, ili watoto wake wasilale njaa." Watu wakaguna kwa huruma. Mama yetu, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na jeneza, akainua uso akasema, "Ndiyo, mwanangu."

Haikuwa kweli. Mdogo wangu alikuwa amenunua miwani ya kusomea kwa machinga ili asome ujumbe kwenye simu, basi, kama watu wote wa umri wake. Mbali alikuwa anaona kuliko sisi wote. Mtumbwi ukiwa bado nukta majini, yeye alishakuambia ni wa nani. Niliandika vile kwa sababu ilipendeza.

Baada ya arobaini, wifi yangu alikuja kwangu na bahasha.

"Wifi," akasema, "mimi sitaki makuu. Sitaki watoto wakue wakiambiwa baba yao alijiua kwa uzembe. Nitafutie wakili."

Watoto ni watatu, na mkubwa alikuwa ameshaulizwa shuleni kama ni kweli baba yake alikuwa haangalii barabara. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Tukaenda mjini. Nje ya mahakama kijana mmoja mwenye tai alitudaka na kuahidi kesi yetu itaisha ndani ya wiki mbili. Nilimuuliza kibali chake cha uwakili kiko wapi, akakumbuka kuwa anaitwa mahali. Wakili wa kweli tulielekezwa na paroko wetu. Ofisi yake ilikuwa ghorofani nyuma ya soko, chumba kimoja, mafaili mpaka dirishani. Alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa mwisho.

"Shikamoo mwalimu," akasema, kabla sijajitambulisha. Nadhani ni jinsi nilivyoitazama ile meza yake.

"Marahaba."

Alisoma karatasi zetu kwa rula, mstari mmoja baada ya mwingine. Cheti cha kifo, ripoti ya ajali, ramani ya polisi, muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompa wifi usimamizi wa mirathi. Mwisho wa bahasha ulikuwemo wasifu. Niliuweka mwenyewe, ili ajue ni mtu wa namna gani anayemtetea. Rula ikashuka mpaka katikati ya ukurasa, ikasimama pale.

"Hii ameandika nani?"

"Mimi," nikasema. Mungu anisamehe, nilisema kwa fahari.

"Marehemu alikuwa haoni vizuri?"

"Alikuwa anaona vizuri sana."

"Sasa hapa, mwalimu?"

Nikamweleza mambo ya wasifu, kwamba ni lugha ya msiba, kila mtu anajua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni nani wengine walipewa nakala. Nikaanza kuhesabu kwa vidole: wazee, padri, wanakwaya. Nilipofika kwa mgeni aliyekaa mbele nikanyamaza. Wifi akamalizia kwa niaba yangu.

Wakili akaweka rula chini. Alitushauri tulitangulie jambo hili: mimi niape kwa maandishi, mapema kabisa, kwamba sentensi ile niliitunga tu, tuipeleke mahakamani wenyewe kabla wenzetu hawajaileta. "Tukiisema sisi, ni kosa la mtu aliyefiwa," akasema. "Wakiisema wao, ni ushahidi."

Ningekubali siku ile, huenda nisingekuwa naandika haya. Lakini mama alikuwa ameukunja wasifu ule akauweka ndani ya Biblia asiyoweza kuisoma. Kila Jumapili tukitoka kanisani alinipa nimsomee, na nikiharakisha aliniambia, "Polepole. Usinirukie pale pa macho." Ndilo neno lililomfariji kuliko yote, kwamba mwanawe alikuwa shujaa. Ningemwambiaje kuwa nimeapa ni uongo? Nikamwambia wakili hawataileta. Nani anatunza karatasi ya msiba wa mtu asiye ndugu yake?

"Mwalimu," akasema kwa upole, "kazi yao ni kutunza."

Wifi alinitazama tu, akaniachia, kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa na ndiye niliyesoma. Nilijidanganya kwamba namlinda mama. Nilikuwa nalinda kalamu yangu.

Kesi iliahirishwa mara nyingi hata nikazijua nyufa zote za ukuta ule. Siku ya ushahidi wangu mama alisema anakuja, na mama akishasema haambiliki. Alivaa kitenge chake cha kanisani akaketi benchi la nyuma. Nilieleza habari za mdogo wangu, desturi yake ya kupita pembeni kabisa ya barabara, kandambili iliyokutwa majanini. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Halafu wakili wa upande wa pili akasimama na karatasi, nami nikaitambua tangu mbali kwa mpaka wa maua niliouchagua mwenyewe kwenye duka la kuchapisha.

Akaisoma ile sentensi. Alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu. Alipomaliza, nikasikia kutoka benchi la nyuma:

"Ndiyo, mwanangu."

Hakimu akainua kichwa. Wakili yule akangoja kidogo, maana alikuwa anaijua kazi yake, kisha akaniuliza maneno hayo ni ya kweli au si ya kweli.

Nikamtazama wifi, nikatazama mikono yangu. "Si ya kweli," nikasema. "Niliyatunga."

"Kwa hiyo ulidanganya mbele ya jeneza la ndugu yako?"

"Ndiyo."

Sikuthubutu kutazama nyuma.

Hukumu ilikuja miezi kadhaa baadaye. Hakimu alisema mdai ameshindwa kuthibitisha uzembe wa dereva. Kuhusu mimi alisema kwamba maneno ya msibani niliyatamka wakati sina sababu ya kudanganya, na ya kizimbani niliyatamka wakati ninayo. Nimelipindua hilo kichwani mara nyingi nikitafuta kosa lake, kama nilivyokuwa natafuta makosa kwenye madaftari. Sijaliona. Wifi alimshukuru wakili, akanishukuru na mimi, na hilo la kunishukuru mimi ndilo lililoniumiza zaidi.

Sasa daraja limefunguliwa na malori yanapita Kigongo bila kusimama. Hakuna tena wa kukimbilia foleni. Watu bado wanabisha hodi kwangu wakipata msiba, nami nawaambia macho yamechoka, watafute kijana.

Mama hakuniuliza chochote kuhusu siku ile kwa muda mrefu, na Jumapili hakunipa tena karatasi. Nilifikiri hakuelewa Kiswahili cha mahakamani. Kumbe alikuwa anangoja. Jumapili moja, tukichambua mchele uani, akauliza bila kuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Macho yake yalikuwaje, hasa?"

"Yalikuwa mazima, mama."

"Basi kama yalikuwa mazima, mbona hakuliona lori?"

"Lilitokea nyuma yake."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Hilo," akasema, "ndilo ungeliandika."