Mama Chokaa na Watoto Waliofundishwa Kusema “Nipo”

Saa mbili asubuhi, Mama Chokaa yuko juu ya ngazi sebuleni kwa watu, shingo kaipinda, brashi mkononi, anapaka dari. Matone meupe yanamdondokea usoni na wala hajisumbui kuyafuta.

“Dari haina shukrani,” anasema bila kutazama chini. “Unaipaka mpaka shingo inakufa ganzi, halafu mwenye nyumba akirudi anakagua sakafu kuona umemwaga wapi.”

Nje watoto wanapita wakidundadunda mpira. Mmoja anachungulia dirishani na kuita, “Kocha!” Brashi inasimama kidogo. Kisha inaendelea.

Kwa miaka kumi na minne fundi rangi huyu, ambaye sasa ana miaka hamsini na mmoja, alifundisha soka watoto wa mtaa wake, wasichana kwa wavulana. Hakulipwa na mtu. Chokaa iliyobaki kazini ndiyo aliyochorea mistari ya uwanja, na jina likamganda. Watoto zaidi ya mia mbili wamepita mikononi mwake.

Sasa ni miezi kumi na moja hajakanyaga uwanja huo.

Alikuwa na sheria moja kuu. Mtoto akianguka, hainuliwi na mtu. Anainuka mwenyewe na kupaza sauti: “Nipo!” Akiitamka, mchezo unaendelea. Asipoitamka, filimbi inalia.

“Mimi nililelewa nikiambiwa siwezi,” anasema. “Siwezi hiki, siwezi kile. Nikasema hawa wangu hawatakua hivyo.”

Na hawakukua hivyo. Muuguzi mmoja wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa beki wake, alifika uwanjani akiwa na miaka kumi na miwili, ana kigugumizi, kajificha nyuma ya dada yake.

“Kocha alinipa ubeki makusudi,” anasimulia akicheka. “Beki asiyepiga kelele timu inafungwa. Basi nikapiga kelele mpaka kigugumizi chenyewe kikachoka.”

Leo anasimamia wodi ya wagonjwa thelathini. Kuwahi kazini, kukosolewa bila kununa, kushindwa leo na kurudi kesho, yote hayo anasema aliyaokota pale vumbini, na hakuna darasa lililompa.

Kisha anapunguza sauti. Mwaka juzi aliumwa tumbo miezi mitano bila kumwambia hata mumewe. “Kila akiniuliza, najibu nipo, nipo. Nikaja kuzinduka nimeshafanyiwa upasuaji.”

Kwa Kijiko, neno hilo liligharimu zaidi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na moja, mchezaji wa kiungo, na wenzake walimpa jina hilo kwa wembamba wake. Alasiri moja, miezi kumi na moja iliyopita, aligongana kichwa na mwenzake wakigombea mpira wa juu, akaanguka. Mama Chokaa akatia filimbi mdomoni.

“Nipo!” Kijiko akaita, akasimama.

Filimbi ikashushwa. Mtoto alicheza dakika ishirini zilizobaki, akaenda nyumbani, akamwambia mama yake kichwa kinamgonga kidogo, akalala. Mama alipokwenda kumwamsha ale, hakuamka. Damu ilikuwa imevujia ndani ya kichwa. Alifariki hospitalini siku ya pili.

“Daktari alisema kuwahi kungeweza kumsaidia,” anasema Mama Chokaa. Ameshashuka ngazi, amekaa juu ya ndoo ya rangi. “Kungeweza. Nalala nalo neno hilo, naamka nalo. Mtoto aliumia mbele ya macho yangu akanidanganya, na mimi ndiye niliyemfundisha kunidanganya.”

Analia waziwazi, na mimi, mwandishi wa makala haya, nafunga daftari.

Wiki tatu zilizopita wazazi waliitana katika darasa la shule ya jirani kuamua kama timu irudi au ife kabisa. Bila mazoezi, watoto walikuwa wameanza kuzurura, na ugomvi mtaani ulikuwa hauishi. Mama Chokaa alikaa nyuma, karibu na mlango, mkoba mapajani kama mtu anayetaka kuondoka. Watu walizungumza, lakini macho yao yote yalikuwa kwa mama yake Kijiko, mshonaji wa nguo. Alisimama wa mwisho.

“Mwanangu alikuwa mwoga,” alisema. “Mwoga wa mbwa, mwoga wa watu. Uwanja ule ndio uliompa mdomo, siwezi kulikana hilo. Na siwezi kusema nimesamehe, dada yangu. Bado.”

Akamgeukia Mama Chokaa pale mlangoni.

“Nina mdogo wake, ana miaka saba, ananililia kila siku anataka mpira. Rudi, dada. Lakini huyu usinifundishie ujasiri. Nifundishie kusema anaumia.”

Mazoezi yanaanza tena Jumamosi. Sheria imebadilika: anayeanguka habanduki chini, mchezo unasimama, kocha anakwenda mwenyewe kumuuliza. Aliyegongwa kichwani hachezi tena siku hiyo, anapelekwa hospitali hata akiapa kwamba ni mzima. Muuguzi amekubali kuja kuwafundisha wazazi dalili za hatari.

Ugumu uko kwa watoto wakubwa. Mama Chokaa amewapitia nyumba kwa nyumba akiwaomba wajizoeze kusema “naumia”. Wanacheka, wanatazamana, halitoki.

“Miaka kumi na minne nimelifukuza neno hilo kwenye midomo yao,” anasema, akichovya brashi. “Halirudi kwa siku moja.”

Namuuliza anatarajia nini Jumamosi.

“Yule mdogo wake Kijiko,” anasema. “Siombi aanguke. Ila akianguka, alie. Alie kwa sauti, mbele ya watu wote. Mimi nitakwenda mbio.”