Muulize Kabla Hujasaini

Siku yangu ya kwanza kufundisha katika chuo kimoja cha biashara pale Mchafukoge, Mkuu wa Taaluma, mzee aliyefunga vifungo vyote vya shati hata kwenye joto, aliniambia, "Mwalimu, kazi mbili zikifanana, wote wawili nje. Ukianza kutafuta nani kamwibia nani, utazeeka." Niliitikia tu. Nilikuwa mgeni, naogopa hata kukosea kiti.

Baadaye nikawa msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, yaani ile miezi mwanafunzi anayokaa kazini kisha akaandika ripoti. Ripoti zilichapwa kwenye steshenari za Kariakoo, na balaa lilianzia huko. Mwanafunzi anaacha kazi yake kwenye kompyuta ya mchapaji, kesho mwingine anauziwa, jina limebadilishwa.

Ndivyo nilivyopokea ripoti ya Neema na ya Deo, zikifanana neno kwa neno. Wote walipangiwa duka moja la vitenge. Mwenye duka, mzee wa Kihindu, alikuwa kasafiri, na mchapaji alikana kila kitu. Neema, binti wa Kichaga, alibakiza muhula mmoja. Kikao cha kuwafukuza kilikuwa mchana huohuo.

Nikawaita mmoja mmoja mbele ya Mkuu. Swali lilikuwa moja: kwa nini waliandika kwamba mteja wa kwanza hupunguziwa bei?

"Madam, asubuhi unakuta mzigo wa jana umechoka," Deo alijibu bila wasiwasi, "kwa hiyo wanausukuma fasta."

Jibu la ovyo, lakini alijibu. Neema alisimama midomo ikimtetemeka. "Nimeandika mimi, mwalimu." Basi, hakuna la zaidi.

"Umeona?" Mkuu akanisogezea kalamu na barua ya kumfukuza Neema. "Anayejua husema. Saini."

Sikuigusa. Nikavua mtandio wangu wa kitenge, nikautandaza mezani. "Neema, ndiyo kwanza umefungua duka. Mimi mteja. Nakitaka hiki, ila bei yako inaniumiza."

Akasogea mezani. Kisha vidole vikashika pindo, vikakigeuza kitambaa nione upande wa nyuma. "Karibu mama. Cheki, rangi imeshika huku na huku. We toa ulichonacho, ndo' mteja wangu wa kwanza. Ukitoka mikono mitupu, bosi atasema siku nzima imekufa!"

Mkuu alicheka kwanza, ndipo akairudisha kalamu mfukoni. Tulipomwita tena, Deo alikiri kwamba aliinunua ile ripoti. Tulimrudisha kazini akaanze upya, na Neema akamaliza chuo.

Nimestaafu, naishi Magomeni, lakini hofu ile ya kumfukuza asiye na kosa haijastaafu. Siku hizi zipo programu za kuandika na programu za kukamata walioandikiwa. Sizichukii. Ila programu haimwoni mtu ambaye ulimi umemganda kwa woga.

Leo asubuhi mwalimu kijana niliyemfundisha kazi amenipigia. "Shikamoo mama. Kompyuta inasema binti kanakili. Nimemuuliza, kanyamaza kimya. Kikao ni saa nane, nisaini?"

"Marahaba. Usisaini. Anasomea nini?"

"Upishi, mama."

"Basi mpeleke jikoni, mpe kisu na kitunguu, ndipo umuulize. Nisubiri, nakuja."

Haya nimeyaandika haraka, viatu viko mguuni.