Onja Kwanza Mbele Yake

Ipo Jumapili moja ya mwaka 2013 ambayo hainitoki, mwanangu, maana mtoto wa dada ni wangu, na kwa kuwa unaolewa mwezi ujao, afadhali uisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu mpya Kasulu mjini, nimetokea Tanga, nimeolewa mwaka huohuo, na kichwa kimejaa ujuaji. Mama mkwe wangu aliishi peke yake Heru Juu. Alikimbia Burundi akiwa msichana, akazeekea hapa, na chakula chake kilikuwa kilekile mchana na jioni: ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Nyama hataki, mboga hataki, dagaa ndiyo usimtajie kabisa. Zahanati wakatuambia damu yake imepungua mno, na asipobadilisha chakula hatutakaa naye sana.

Basi nikajifanya mjanja. Kila Jumapili nilipika sufuria kubwa la maharage, nikatwanga dagaa wakawa unga, nikaponda karoti na majani ya maboga, vyote nikavizamisha humo. Mawese juu, rangi ileile aliyoizoea. Niligawa kwenye makopo ya vifuniko, nikaweka kwenye friji, na kila baada ya siku mbili kopo moja lilipanda bodaboda kwenda Heru Juu. Akawa anakula. Mwezi ulipokwisha, zahanati wakasema damu imeanza kupanda. Nilitamba mpaka shuleni, ungedhani nimegundua dawa.

Jumapili ile niliyokutajia nilimpelekea mwenyewe. Tonge la tatu akasita, akatoa mdomoni kichwa kidogo cha dagaa kilichoponea kwenye kinu, akakiweka kiganjani.

"Mukazana wanje," akaniita, ndivyo kwao wanavyomwita mke wa mtoto wao, "humu umetia nini?"

"Maharage tu, Mama."

Akanitazama. "Onja basi."

Nami nikacheka, mwanangu. Nikamwambia nimeshiba.

Mume wangu alikuwa amenieleza tangu siku za kwanza kwamba kwao anayeandaa chakula huonja kwanza mbele ya mlaji, aonekane hakutia sumu. Niliyaita mambo ya kizamani. Mama alifunika kopo taratibu, akanawa mikono, akaniuliza habari za shule.

Hakula tena kutoka mkononi mwangu. Nilirudi nikakiri kwamba walikuwa dagaa, tena kwa ajili ya afya yake. Akanijibu, "Aliyeweza kuficha dagaa atashindwa kuficha kingine?" Mume wangu alimbembeleza, wapi! Akarudia maharage yake matupu, anapika mwenyewe, mpaka akawa hawezi kubeba hata ndoo ya maji.

Mwaka uliofuata alilala asiinuke. Nilimpikia maharage matupu, bila chochote, nikakaa kitandani pake nikala vijiko viwili akiniona.

"Sasa ndiyo unaonja," akasema, akageukia ukutani.

Tulimzika wiki hiyo. Wakati wa kusafisha nyumba niliyakuta makopo yangu yote, hata yale aliyoletewa baada ya siku ile. Kuku wake ndio waliokula. Makopo aliyaosha, akayapanga na vifuniko vyake, ili nisikose vyombo vyangu. Ninayo mpaka leo na sijayatia chakula.

Watu huniambia nilitenda kwa upendo. Waongo. Nilitaka kumshinda.

Kwa hiyo sikiliza. Ukikuta mtu anayekula kitu kimoja maisha yake yote, usimcheke. Pika sufuria kubwa la wiki nzima ukipenda, tia dagaa, tia karoti, lakini umwambie, na uanze na kidogo anachokiona kwa macho yake. Akikataa, kesho mwombe tena. Akikuambia onja, onja, hata kama tumbo limejaa mpaka shingoni.

Mungu akupe mkono ambao hakuna atakayeogopa kula kutoka kwake. Mimi niliupata mkono huo, nikaupoteza kwa kicheko kimoja.