Alama Nyekundu kwa Dada

Mtaani walimwita Futi Kamba, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mpima wa halmashauri kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya barabara ya mtaa, kuvuta futi kamba mita sita kila upande, na ukuta wowote uliochungulia ndani ya mita hizo aliupiga alama nyekundu ya kubomolewa. Sheria ilitaka barabara ya mita kumi na mbili, hata pale ambapo tangu dunia iumbwe hapajapita kitu kipana kuliko mkokoteni. Wenye viwanja vidogo walimlaani kimoyomoyo na kumsalimia kwa adabu.

Wapima walikuwa na desturi yao, isiyoandikwa popote. Ikitokea nyumba ya ndugu yako, unamwachia mwenzako. Mwenzako naye ghafla anaumwa mgongo, faili linalala, mwezi unapita, pengine mwaka. Hakuna aliyeona haya. Futi Kamba mwenyewe alishaumwa mgongo mara tatu kwa ajili ya wenzake.

Ila zamu ilipofika mtaa wa dada yake, akajitia mnyoofu. Dada huyo, mjane, mshonaji wa sare za shule, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Nyumba yake ya vyumba viwili, aliyoijenga kwa kudunduliza miaka kumi na mmoja, ilisimama mita nne na nusu kutoka katikati ya barabara. Mshika vigingi, mzee aliyefanya naye kazi tangu ujana, alimvuta kando.

“Niachie hii. Mgongo wangu umeshaanza. Kamati inakaa karibuni, nasikia wanataka kupunguza upana, watu wa hali ya chini nao wajenge.”

“Hiyo rasimu inazunguka mezani mwaka wa nne sasa,” akajibu. “Nikimpendelea dada yangu, hawa wengine nitawatazama kwa uso gani?”

Maneno mazuri hayo, ungeweza kuyatundika ukutani. Ukweli ni kwamba bosi mpya alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao, na Futi Kamba alitaka aonekane. Akapiga alama mwenyewe, pembeni ya dirisha ambapo dada yake alikuwa ameketi akishona. Dada alisimamisha cherehani, akamletea maji ya kunywa, maana jua lilikuwa kali.

Tingatinga likaja baada ya siku tisa. Alama ilihusu chumba cha mbele tu, lakini ukuta wa kati ulikuwa mmoja, na cha nyuma kikafuata. Dada akahamia na cherehani yake sebuleni kwa mdogo wake, Futi Kamba. Kipande cha kiwanja kilichobaki hakikuweza kupata kibali hata cha choo, kwa hiyo mdogo mtu akamshauri, kwa nia njema kabisa, akiuze kabla hakijageuka jalala. Akakinunua mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa bei ya kutupa.

Wiki ya saba baada ya nyumba kubomolewa, kamati ikakaa na kupitisha kwamba barabara za mitaa ya ndani zitakuwa za mita nane, yaani nne kila upande. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki. Futi Kamba alisoma tangazo ubaoni mara mbili. Nyumbani alijitia hamnazo, akazungumzia mvua.

Miezi mitatu baadaye alitumwa kukagua jengo jipya la vyumba vya kupanga, kwenye kiwanja kilekile. Akavuta futi kamba. Ukuta ulikuwa mita nne na nusu kutoka katikati. Mwenye duka alikuta msingi wa dada bado mzima, akajenga juu yake. Mshika vigingi alitazama pembeni. Futi Kamba akasaini, maana hapakuwa na kosa la kuandika.

Aliporudi nyumbani alimkuta dada sebuleni anafunga vitambaa vyake kwenye shuka. Dada akamwambia amepata chumba cha kupanga, kodi yenyewe nafuu, siku hizi vimekuwa vingi. Futi Kamba akamuuliza ni wapi, ingawa moyo ulishamwambia.

“Cha pili kutoka kulia. Ndipo nilipokuwa nalala.” Aliendelea kufunga. “Fundi ameniambia msingi hawakuugusa. Mdogo wangu, ile siku ya alama, ulijua kuna sheria inakuja?”

Angeweza kukana. Shahidi alikuwa mshika vigingi peke yake, na yule mzee hana mdomo.

“Nilijua, dada.”

Dada akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwita wifi yake kutoka jikoni amshikie upande wa pili wa cherehani. Futi Kamba akanyoosha mikono kuipokea.

“Wewe usiiguse,” dada akasema, na wanawake wawili wakaibeba wakatoka nayo.