Beseni la Makopa

Nakumbuka siku moja ya msimu wa korosho, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kichwa kigumu, na punda mmoja jike niliyempenda kuliko watu wengi. Tulikaa Ziwani. Punda kijijini walikuwa wa kutafuta, na huyu wangu nilimwita Tausi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu: punda wa kijivu, sikio moja limechanika, eti Tausi! Nikawaacha wacheke. Alinibebea maji, mihogo na magunia ya korosho, na nikichelewa kuamka alikuja kuusukuma mlango kwa pua.

Siku hiyo tulikuwa tumekwenda ghalani safari mbili tangu alfajiri. Tuliporudi nikakuta mama ameanika makopa, ile mihogo mikavu tunayosaga unga. Nikasema moyoni, leo Tausi kafanya kazi ya watu wanne, naye ale chakula cha watu. Nikamjazia beseni, akala lote. Nikajaza tena. Mama alishanionya zaidi ya mara moja kwamba makopa makavu yanaumuka tumboni, mnyama asipewe, tena asinyweshwe maji juu yake. Nikamletea na ndoo ya maji.

Alipokuwa anakunywa akapita jirani yetu Bi Somoe, mjane aliyeishi peke yake nyumba ya pili. "Tausi kanenepa huyo! Anang'aa!" akasema, akacheka, akaenda zake. Hakusema mashaallah, au kama alisema sikumsikia. Wewe unajua kwetu, ukisifu mtoto au mnyama wa mtu bila neno hilo, unaacha wasiwasi nyuma yako.

Adhuhuri haijafika, Tausi akaanza kugeuza shingo kutazama tumbo lake. Akajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Akalala, akagaragara, akainuka, akalala tena. Jasho lilimtoka mpaka vumbi la shingoni likawa tope, na tumbo lilikuwa limewambika kama ngoma. Nilijua. Nisikilize vizuri hapa, mwanangu: nilijua saa ileile. Beseni lilikuwa bado palepale, na mama alikuwa anatoka ndani. Nikalisukuma kwa mguu nyuma ya pipa.

"Kapatwa na nini?" mama akauliza.

"Kijicho," nikasema. "Bi Somoe kamsifu, hata mashaallah hakusema."

Nilipaswa kukimbia kwa bwana mifugo. Nikaenda mlangoni kwa Somoe kupiga kelele, aje aondoe alichokiweka, na watu wakanifuata. Bi Somoe hakugombana nami. Alitoka na mikono yake ya unga, akaenda moja kwa moja kwa Tausi, akaweka sikio tumboni. Marehemu baba yake alifuga punda, akajifunzia hapo.

"Msimwache agaragare, mtembezeni," akasema. "Na mmoja akamwite bwana mifugo. Amekula nini?"

"Majani. Majani tu."

Akanitazama. "Majani hayafanyi hivi, mwanangu. Sema, tujue tunatibu nini."

Nikamjibu aache kujitia daktari. Bwana mifugo naye alipofika, jua limeshapinda, aliuliza swali lilelile, nikampa jibu lilelile. Akamdunga sindano, akabaki anakuna kichwa. Alasiri Tausi aliweka kichwa miguuni pangu, akawa anatoa mlio ambao sijapata kuusikia tena kwa punda yeyote. Akafa hivyo, jicho liko kwangu. Nililia mbele ya watu wote bila haya. Machozi yalikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo yaliyowafanya waniamini.

Huenda angekufa hata kama ningesema. Sijui. Ninazeeka na sijui.

Tausi tulimfukia siku hiyohiyo. Somoe yeye walimfukia polepole, akiwa hai. Akipita, wanawake walivuta kanga kufunika watoto wachanga. Kuku wa mtu akifa, ilikumbukwa kwamba Somoe alipita. Harusini alikaa peke yake kwenye mkeka. Nami niliyaona yote hayo, nikala pilau yangu, nikanyamaza. Mwishowe akahamia mjini kwa binti yake, mtaa wa Rahaleo.

Ilinichukua miaka miwili kumfuata. Alinikaribisha, akanipa chai, nikamweleza habari ya beseni.

"Nililiona siku ileile," akasema. "Nyuma ya pipa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nani angenisikiliza? Wewe ndiye uliyekuwa unalia." Akanimiminia chai nyingine. "Mimi umeshaniambia. Wale wa Ziwani je?"

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilisimama barazani pa msikiti nikasema yote. Wazee waliinamisha vichwa. Mmoja akaniambia, basi, yamepita. Somoe hakurudi, na amezikwa hukohuko mjini. Juzi tu nimemsikia kijana, ambaye hata mama yake alikuwa hajazaliwa siku zile, akimwonya mwenzake asisifu mbuzi wa watu kama yule Somoe wa zamani. Nikamweleza. Akacheka, akadhani ni mzaha wa kizee.

Mwanangu, siku hizi mna simu, na jina la mtu linazunguka vijiji kumi kabla chai haijapoa. Ukikosea, sema kosa lako wakati mgonjwa bado anapumua. Sema kwa yule anayekuuliza "amekula nini", hata kama mama yako anasikia, hata kama utachekwa. Na usimtafute wa kumbebesha, hasa mjane asiye na wa kumsemea. Mimi punda wangu nilimpoteza kwa saa chache tu. Somoe bado namtafutia jina lake jema mpaka leo.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi", akupe na majirani watakaokuja na mikono yao ya unga hata ukiwa umewatukana. Amina.