Mama Hodi, Mtumishi Aliyeogopa Milango

Alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, katika chumba cha nyuma cha duka la kushonea nguo. Mama yake alikuwa fundi cherehani na baba yake mlinzi wa ghala. Wanawake waliomzalisha walisimama ndani ya maji yaliyofika magotini, na wanasema mtoto alipotoka hakulia. Aligeuza uso mlangoni, maji yalikokuwa yakiingia, akanyamaza. Mkunga akamwambia mama mtu, "Huyu kaja na hofu yake mkononi." Sisi tunaoandika maisha ya watumishi wa Mungu tumezoea kusema kwamba walizaliwa mashujaa. Huyu alizaliwa mwoga, akaishi mwoga, na msomaji asipolikubali hilo tangu mwanzo hataelewa utakatifu wake ulikaa wapi.

Alipokuwa na umri wa miaka saba alitumwa dukani kununua uzi. Akarudi mbio, akasukuma mlango bila kuita, akamkuta baba yake amelala sakafuni, macho wazi, na chai yake mezani ingali inatoa mvuke. Moyo ulikuwa umemsimama. Tangu siku hiyo hakuingia tena penye mlango bila kupiga hodi. Alipiga hodi kwa jirani, alipiga hodi kwao, alipiga hodi hata kwenye chumba alichotoka sasa hivi. Watoto wenzake walimwita Hodi, na jina likamganda kama gundi. Walimtania kwamba hata kabati la vyombo analipigia hodi, asije akavikuta vikombe uchi. Mama yake alicheka pamoja nao, kisha akainamia cherehani yake asionekane akilia, kwa maana alijua kwamba mwanawe haombi ruhusa ya kuingia. Anaomba humo ndani awepo mtu hai wa kumjibu.

Alikua, akarithi cherehani ya mama yake, na hakuolewa. Maneno ya watu hayana breki: inasemekana posa zilikuja mbili, naye alimwuliza kila mchumba swali moja tu, "Nikibisha, utaitika?" Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema yeye si bawabu. Mambo yakaishia hapo, na chai ya wageni ikanywewa na majirani.

Wito ulimjia mwezi wa tatu, mwaka 1974. Wakati huo palikuwa na Chama cha Jirani, watu wa kujitolea waliokutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Walizibua mitaro, walichangia damu, waliwatembelea wagonjwa wasio na ndugu, na mara moja kwa mwaka waliadhimisha Siku ya Sufuria: njia inafungwa, mafiga yanapangwa katikati ya barabara, na kila mwenye mdomo anakula. Yeye alikuja siku ya kuchangia damu. Alipoiona sindano alianguka kama gunia. Mwenyekiti, mwenye duka la misumari na saruji, mtu wa sauti inayofika kabla yake, akamwinamia akasema, "Mama, umekuja kutoa damu au kutoa roho?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Naye akafumbua macho, akakunja mkono wa gauni, akasema, "Naogopa. Haya, chukueni." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa sala yake maisha yote. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema haogopi.

Wakamwandika katika chama, wakamwita Mama Hodi ingawa hakuzaa, wakampa kazi ambayo wengine waliikwepa, ya kuwapelekea uji wagonjwa waishio peke yao. Tufikirie jambo hilo, ndugu zangu. Mtu aliyeogopa milango kuliko nyoka akapewa kazi ya milango. Katika kila kizingiti alisimama kwanza, chupa ya uji kifuani, akiwaza yaliyo upande wa pili. Kisha akaita, akangoja lile neno "karibu" kama mwenye kiu anavyongoja maji.

Sasa tufike kwenye jeraha lake, ambalo yeye mwenyewe alitaka lisifichwe. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo kinyozi mmoja mzee, mcheshi, aliyemwitikia kila mara kwa kusema, "Karibu, ila nywele zako sizikati kwa mkopo." Asubuhi moja Mama Hodi alipiga hodi na mzee hakuitika. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Nasi sote tumelelewa hivyo: hodi ni tatu, na usipokaribishwa unarudi ulikotoka, maana kuendelea kuita ni utovu wa adabu. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa, naye aliuona mwanya mweusi, akamkumbuka baba yake. Akaiweka chupa kizingitini akaondoka kwa haraka, akijiambia kwamba ametimiza adabu.

Kesho yake alirudi, akaikuta chupa pale pale, imejaa. Wanaume wa jirani aliowaita walipousukuma mlango ulikwama, kwa sababu mzee alikuwa amelala nyuma yake. Alikuwa amejiburuta kutoka kitandani. Mkononi alishika kiatu, na chini ya ubao wa mlango palikuwa na alama za kisigino, nyingi, pale alipokuwa akigonga kwa nguvu za mtu asiye na nguvu. Jirani wa ukuta mmoja alikiri kwamba alikisikia kishindo kile jana yake, akadhani ni panya.

Mama Hodi hakula. Akiwa kwenye cherehani alisikia kiatu kikigonga. Akinyamazisha cherehani, bado alikisikia. Alikwenda kwa padri akasema, "Padri, nilifuata adabu nikaua mtu." Padri hakumwambia hana kosa, wala hakumwambia analo. Alimwambia, "Mwanangu, kuanzia leo hodi yako isihesabiwe." Akatoka na neno hilo, na tangu hapo hapakuwa na mlango uliomnyamazia akauacha. Aliita mpaka aitikiwe au mlango ufunguliwe. Majirani walilalamika. Mama Mkaa, muuza makaa wa pale njia panda, ambaye ulimi wake ulikuwa redio ya mtaa, alisema, "Hodi zake zinaamsha hata waliokufa!" Mama Hodi akamjibu, "Amina, dada. Wangeamka, ningelala."

Jaribu kubwa lilimpata mwaka 1983, kipindupindu kilipoingia. Kilianzia nyumba za karibu na mtaro, kikapanda juu. Watu walizika haraka, bila matanga, bila kupeana mikono. Chama kikaitwa ukumbini, na Mwenyekiti akasimama akasema ziara zote zimefutwa. "Huu ni ugonjwa wa wachafu," alisema. "Kila mtu abaki kwake, na mwenye mgonjwa amtoe, asitufiche." Hakuna aliyempinga, kwa sababu hofu ilikuwa imeshaketi kwenye viti vyote.

Mama Hodi akaenda peke yake na sabuni yake, na maji aliyoyachemsha akayatia chumvi na sukari kama waganga wa zahanati walivyofundisha. Uvumi ukamtangulia. Ikasemwa kwamba ni yeye anayeubeba ugonjwa mlango hadi mlango. Na kwa kuwa aliingia penye wagonjwa na wagonjwa wengine walikufa, ikasemwa kwamba anayemwitikia amejiitia mauti. Basi alipopita na kuita "hodi", redio zilizimwa. Akina mama waliwaziba watoto vinywa kwa viganja, asije mmoja akasema "karibu" kwa mazoea. Alitembea katika mtaa uliojaa watu na usio na sauti, na alituambia baadaye kwamba hapo ndipo aliponusa hofu ya watu wengine, akaona ni ile ile yake, haina tofauti hata uzi.

Ndipo Mama Mkaa alipomvuta kando. "Shoga, sisemi mimi," alisema, na maana yake ni kwamba anasema. "Kwa Mwenyekiti mapazia hayafunguliwi tangu jana. Ndoo zinapishana. Na yule binti yake anayekujaga kuchukua makaa, sijamwona."

Mama Hodi akasimama mbele ya lango la Mwenyekiti, lango la bati lililopakwa rangi ya kijani, akaita hodi. Kimya. Akaita tena, na tena, akapita tatu, akapita kumi, jua likapanda. Madirisha ya jirani yakafunguka upenyo. Mwisho sauti ikatoka ndani, ile sauti kubwa, lakini imepasuka.

"Nenda zako! Humu hamna mgonjwa!"

"Sijauliza mgonjwa, Mwenyekiti. Nimepiga hodi."

"Unataka mtaa wote ujue?"

"Mtaa wote uko dirishani, baba. Wewe ndiye bado hujui."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mwenyekiti akaja mpaka nyuma ya lango; viatu vyake vilionekana chini ya bati. Akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, "Mama, nilisema ni ugonjwa wa wachafu. Nikifungua, nitasema nini? Na wewe ukiingia ukafa, je? Huogopi?"

"Naogopa kuliko wewe," alijibu. "Nikubalie tu niogope nikiwa ndani."

Viatu havikusogea. Akapandisha sauti, akaita hodi nyingine, na nyingine. Kisha kitu kikagonga ndani ya nyumba: kitu kigumu juu ya sakafu, taratibu, mara moja, halafu tena. Mama Hodi alishika bati kwa mikono miwili asianguke, kwa maana alikijua kile kishindo. Baada ya kishindo hicho ikaja sauti nyembamba ya msichana, kavu kama karatasi: "Karibu."

Baba mtu akafungua.

Binti alikuwa sakafuni, macho yameingia ndani, ngozi imelegea, mkononi ameshika kikombe cha bati kisicho na kitu. Mama Hodi alimpakata akamnywesha kijiko kwa kijiko, huku Mwenyekiti akisukuma mkokoteni wa saruji hadi mlangoni. Wakamlaza juu yake, wakampeleka zahanati wakipita katikati ya mtaa, naye Mwenyekiti akilia mbele za watu wote. Binti alipona. Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alisimama ukumbini akasema, "Mchafu alikuwa ulimi wangu," akachukua sabuni, na wanachama wakatoka nyuma yake wawili wawili.

Mama Hodi aliishi miaka kumi na tisa zaidi. Hakupata ujasiri hata kidogo. Kila mlango ulimtetemesha kama wa kwanza. Aliugua ugonjwa wake wa mwisho mwaka 2002, akiuguzwa na yule binti, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wanne, na chumba chake hakikukosa watu, wengine wakikaa juu ya cherehani. Siku ya Sufuria ilipofika aliwafukuza wote wakapike. Alibaki na binti peke yake. Mchana, masufuria yakilia nje na watu wakigombania ukoko, mgonjwa alifumbua macho akatazama mlangoni. Uso wake ulikuwa na ile hofu ya siku zote. Binti anasema hofu ile ilishuka polepole, kama mtu anayevuliwa mzigo kichwani. Kisha Mama Hodi akatamka kwa sauti safi, sauti ya mwenye nyumba: "Karibu."

Hapakuwa na mtu aliyepiga hodi. Binti alikwenda kutazama. Kizingitini hapakuwa na mtu, na aliporudi kitandani mama alikuwa ameshaondoka.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii. Tunaandika tu tulichosikia: kwamba wagonjwa kadhaa wanaoishi peke yao wamesimulia kusikia mwanamke akiita hodi bila kuchoka, hadi wakapata nguvu ya kujibu, na jibu lao likasikiwa na jirani. Kwenye Chama cha Jirani hadi leo mgeni hafundishwi kwanza kupika wala kuzibua mtaro. Anapelekwa kwenye mlango na kuambiwa aite, na akiuliza mara ngapi, wakubwa wanacheka.

Nawe unayesoma, upo mlango unaoujua ambao umenyamaza tangu juzi. Ulipita ukasema labda amesafiri. Unaogopa, na una haki. Yeye pia aliogopa. Vaa viatu, uende ukaite.